Tusinunue Ardhi Wakati wa Kiangazi



Kitabu chetu cha mwaka hutuletea habari za ndoa, za watoto waliozaliwa, za wazee waliotuacha, pamoja na picha za sikukuu. Mara hii naomba kurasa chache kwa jambo ambalo halina picha nzuri. Nataka kutoa maoni yangu juu ya ardhi tunayoinunua kule nyumbani, na hata mashambani hapa Ubelgiji, bila kuuliza maji hupita wapi. Sisemi kama mwalimu. Nasema kama mtu aliyekosea, na kosa lake likawaumiza wengine.

Mwaka 2023 binti yangu na mumewe walikuwa wakitafuta nyumba nje ya Brussels, maana bei za mjini zimewashinda vijana wetu. Wakapata moja upande wa Ninove, yenye bustani kubwa inayoteremka hadi penye miti kando ya kijito. Bei yake ilikuwa nafuu kuliko za jirani zake. Nilifurahi sana, nikawaambia wasikawie, wengine wasije wakawatangulia. Binti yangu akanionyesha tangazo. Chini ya picha paliandikwa herufi mbili, na zote mbili zilikuwa D. Akasema, “Baba, unafuu wa bei umetokana na hizi.”

Wengi wetu hatuzijui herufi hizo, basi nizieleze. Tangu tarehe 1 Januari 2023, kila anayetangaza kuuza nyumba au kiwanja katika mkoa wa Vlaanderen lazima aandike herufi ya kiwanja, yaani P, na kama pana jengo, herufi ya jengo, yaani G. Herufi A maana yake mahesabu hayaonyeshi mafuriko mahali hapo. B na C ziko katikati. D maana yake nafasi ya mafuriko imezidi moja katika mia kila mwaka. Moja katika mia yaonekana ndogo. Lakini vijana wetu hukopa benki kwa miaka 25. Ukiihesabu nafasi hiyo mwaka baada ya mwaka kwa muda huo wote, inafika zaidi ya moja katika tano. Nani kati yetu angepanda basi akijua kwamba katika mabasi matano moja litaanguka?

Nyumba ile hawakuinunua. Walifanya vema, maana bonde la mto Dender, ambako jamaa zetu wengi wamehamia, Aalst, Denderleeuw na Ninove, liliingiwa na maji Novemba 2010, na wenyeji hawajasahau. Lakini jioni ile, tukiwa bado mezani, binti yangu aliniuliza swali jingine: “Na kile kiwanja chetu cha Uvira, Baba, kilikuwa na herufi gani?”

Sikuwa na jibu. Swali hilo ndilo lililonifanya niandike.

KIWANJA CHA MULONGWE

Mwaka 2014 nilikwenda likizo Uvira, mwezi wa Agosti, kama tufanyavyo sisi sote watoto wakifunga shule. Mdogo wangu alikuwa amenitafutia viwanja vitatu, au parseli kama tusemavyo kwetu. Viwili vilikuwa juu kidogo, mbali na barabara, na bei yake nikaiona kali. Cha tatu kilikuwa kipana, tambarare, karibu na mto Mulongwe, na bei yake karibu nusu ya vile vingine. Siku ile mto ulikuwa mawe matupu na mfereji mwembamba wa maji katikati. Watoto walikuwa wakicheza mpira humo ndani. Watu wazima walikuwa wakiponda mawe wauze kokoto.

Kando yake alikuwapo mama mmoja mzee aliyekuwa akianika ndagala. Nikamsalimu, nikamwambia nataka kujenga hapo. Akaniangalia kitambo, kisha akasema, “Mwanangu, sisi hapa tunaanika tu. Hatulali.” Mimi nikadhani hataki nimwondolee mahali pake pa kuanikia. Nikacheka, nikampa fedha kidogo ya sukari, nikaenda zangu. Zilikuwa zimebaki siku nne tu nirudi Brussels.

Nikalipa. Mpimaji alikuja, mawe ya mipaka yakawekwa, na baadaye cheti kikatoka chenye jina langu na mihuri yote. Nyumba ikajengwa kwa miaka mitatu kwa fedha niliyotuma kila mwezi. Mama yetu mdogo, aliyetulea baada ya mama kufariki, ndiye aliyehamia humo pamoja na wajukuu wanne.

Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020 mvua kubwa ilinyesha katika milima iliyo juu ya mji. Mulongwe na mito mingine ya Uvira ikafurika, ikateremsha mawe, matope na magogo. Makumi ya watu walikufa, maelfu ya nyumba zilivunjika, daraja la Mulongwe likakatika, na mitambo ya maji ya kunywa ikaharibika, katika mji ambao umezoeana na kipindupindu miaka mingi. Sisi huku tulikuwa tumefungiwa nyumbani kwa sababu ya korona. Nilipigiwa simu alfajiri. Mama mdogo na watoto walikuwa hai, kwa kuwa jirani mmoja aliwavuta wakapanda juu ya ukuta wake. Nyumba haikuwapo tena. Mahali pa nyumba palikuwa mto.

Sasa nifike penye aibu yangu. Baada ya kusikia kwamba wako hai, neno la kwanza nililomwambia mdogo wangu halikuwa pole. Nilimwuliza alikula kiasi gani kwa muuzaji hata akanipeleka mahali pale. Akajibu, “Kaka, ulikuja, ukakiona kwa macho yako.” Kisha akakata simu. Tulikaa miaka mitatu bila kusemezana. Mazishi ya mjomba wetu yalipita, kila mmoja akapitisha mchango wake kwa mkono wa mtu mwingine.

KWA NINI TUNADANGANYIKA

Nimefikiri sana tangu siku ile, nami naona sababu tatu zinazotuponza sisi tulioko huku. Wala hazimhusu muuzaji peke yake.

Ya kwanza ni kalenda yetu. Sisi hurudi nyumbani Julai na Agosti, wakati wa likizo za Ubelgiji. Huo ndio wakati wa kiangazi Kivu, Burundi, Kigoma, na sehemu kubwa ya nchi zetu. Kinamasi kimekauka, nyasi zimelala, mto umekuwa njia ya mbuzi. Kila ardhi ni nzuri Agosti. Muuzaji anajua tunakuja lini, na anajua pia kwamba tutarudi kabla ya mvua za Oktoba. Hivyo mtu anaweza kwenda kukiona kiwanja chake mara kumi katika miaka kumi, wala asikione hata mara moja jinsi kilivyo.

Ya pili ni imani yetu katika karatasi. Katika Kongo, kwa sheria ya ardhi ya mwaka 1973, ardhi yote ni mali ya Serikali, au Leta kama wazee wasemavyo, na haki ya mtu juu ya kiwanja huthibitishwa kwa cheti cha kuandikishwa. Ni kweli kwamba asiye na cheti hicho hana nguvu, na barua ya kuuziana iliyotiwa sahihi mbele ya shefu wa mtaa haitoshi. Kwa hiyo sisi hukaza macho kwenye cheti, tukikipata tunapumua. Lakini cheti husema nani mwenye haki juu ya ardhi. Hakisemi maji hufika wapi Aprili. Cheti changu kingali kabatini hapa Brussels, safi kabisa, na kiwanja chenyewe kimejaa mawe ya mto.

Ya tatu ni ngumu zaidi kuisema. Ni kwamba watu wa nyumbani wanaogopa kutuambia hapana. Mtu aliyetoka Ulaya ana fedha, ana haraka, naye husaidia familia. Nani atasimama mbele yake amwambie kwamba anafanya ujinga? Tulipopatana, mdogo wangu aliniambia kwamba tangu mwanzo alipenda nichukue kimojawapo cha viwanja vya juu. Lakini aliposikia ninavyonung'unikia bei, aliogopa nitafikiri anataka fedha zaidi kwa ajili yake mwenyewe. Akanyamaza. Na kumbe baadaye nilimfikiria hivyo hivyo. Waswahili wamesema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mama wa ndagala alisema, nami nikamjibu kwa fedha ya sukari.

MAJI HUREJEA YALIKOPITA

Vijana wetu hudhani mafuriko ni ajali, kitu kilichotoka mahali pasipojulikana. Aghalabu sivyo. Maji hurudi mahali yalipokuwa zamani.

Tazameni ziwa letu Tanganyika. Mto unaotoa maji yake ni mmoja tu, Lukuga, huko Kalemie; maji mengine yote huliwa na jua. Kwa hiyo mvua zikizidi miaka kadhaa mfululizo, ziwa hupanda, nalo halishuki upesi. Lilipanda sana baada ya mvua kubwa za mwanzoni mwa miaka ya 1960. Likapanda tena kuanzia 2020, na tena 2024, likaingia katika nyumba za Uvira, Kalemie, Bujumbura na Kigoma. Gatumba, kwenye uwanda wa Rusizi kati ya Bujumbura na mpaka wa Kongo, imezama mara kwa mara katika miaka hiyo. Wazee waliokuwa watoto mwaka 1964 waliijua mipaka ile ya maji. Sisi tulijenga ndani yake kwa sababu hatukuwauliza.

Wala hatuwezi kusahau Kalehe. Tarehe 4 Mei 2023, siku ya Alhamisi, siku ya soko Nyamukubi, mito iliteremka kutoka milimani ikafagia Nyamukubi na Bushushu kando ya ziwa Kivu. Walikufa watu zaidi ya 400. Familia kadhaa za kitabu hiki zilivaa matanga. Watu walikuwa wamekaa kwenye tambarare zilizotengenezwa na mito yenyewe, na misitu ya milimani ilikuwa imepungua.

Msidhani ni mambo ya Afrika tu. Tarehe 14 na 15 Julai 2021, hapa Ubelgiji, mto Vesdre ulipanda katika Verviers, Pepinster na Trooz, na watu 39 wakafa nchini. Nyumba nyingi zilizobomoka zilikuwa zimejengwa bondeni tangu enzi za viwanda vya sufu, karibu kabisa na maji, nazo ndizo zilizokuwa na kodi nafuu.

Na mji huu wenyewe, je? Jina la Brussels latokana na Broekzele, maana yake makao penye kinamasi. Mto wake, Zenne, haupo tena machoni kwa sababu kati ya 1867 na 1871, baada ya kipindupindu, waliufunika kwa matao na kujenga barabara kuu juu yake. Angalieni majina ya komine tunazokaa: Molenbeek, Schaarbeek, Etterbeek. Neno hilo “beek” ni kijito. Sisi huyataja majina haya kila siku na hatusikii yanasema nini. Pale Flagey, Ixelles, mvua kubwa zilizoea kujaza vyumba vya chini, hata ikalazimu kuchimba chini ya uwanja ule tangi la kupokea lita milioni 33 za maji. Nchi tajiri ilijenga juu ya vijito, na hadi leo inalipa.

Kwetu nako majina husema. Mtaa ukiitwa Mtoni au Bondeni, jina limekwisha kukujibu. Mahali penye jina la kilugha, muulize mzee wa kabila hilo maana yake kabla hujauliza bei.

MAMBO YA KUULIZA NA KUTAZAMA

Kwa yule atakayenunua hapa Ubelgiji kazi ni nyepesi. Vlaanderen ina zile herufi. Wallonie ina ramani yake ya hatari ya mafuriko, na Brussels ina yake, na kuzitazama ni bure. Mwambie noteri akuonyeshe kiwanja chako kwenye ramani kabla hujatia sahihi yoyote, hata ile ya ahadi ya kwanza, maana ahadi hiyo hukufunga. Uliza bima pia. Kwa kawaida bima ya moto ya nyumba hapa nchini huchukua na mafuriko, lakini nyumba iliyojengwa baada ya eneo lake kutangazwa kuwa la hatari inaweza kukataliwa au kutozwa zaidi.

Kwa ardhi ya nyumbani, ambako hakuna herufi katika matangazo, tufanye hivi.

Kwanza, kiwanja kionekane wakati wa mvua. Kama huwezi kwenda Novemba au Aprili, mtume mtu siku ya pili baada ya mvua kubwa, apige picha akiwa amesimama katikati ya kiwanja na katika kila pembe.

Pili, waulizwe wazee watatu wasio ndugu wa muuzaji wala wa mnunuzi. Wasiulizwe, “Je, hapa pazuri?” Watajibu ndiyo kwa adabu. Waulizwe, “Mwaka ule wa maji mengi, yalifika wapi?” Wanawake wanaolima au kuanika pale wanajua kuliko mpimaji.

Tatu, ardhi yenyewe itazamwe. Mafunjo na matete hayaoti mahali pakavu. Vyura wakilia usiku, maji yako karibu. Mawe ya mviringo juu ya uwanja hayakuja kwa miguu. Yaliletwa na mto. Tazama kuta za jirani kama zina mstari wa tope, na milango yao kama imeinuliwa kwa ngazi. Chimba shimo la mita moja wakati wa mvua, uliache usiku kucha, uje asubuhi. Udongo wa kijivu wenye madoa ya rangi ya kutu ni dalili ya ardhi inayolala majini sehemu ya mwaka, hata kama leo ni kavu kama mkeka.

Nne, ijulikane sheria ya umbali. Tanzania, sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari. Burundi, kando ya Tanganyika ni mita 150. Uganda, kanuni za mwaka 2000 zimeweka mita 200 kwa ziwa kama Victoria na mita 100 kwa mito mikubwa, na hati zilizotolewa ndani ya vinamasi baada ya Katiba ya 1995 zinaweza kufutwa. Kenya, kanuni hutaja kati ya mita 6 na 30 kwa ukingo wa mto, na baada ya mafuriko ya 2024 watu waliokaa kando ya mito ya Nairobi walivunjiwa nyumba. Kwa hiyo anayenunua kando ya maji anaweza kufukuzwa mara mbili, na mto na kisha Serikali.

Tano, tusijidanganye kwamba tutajaza kifusi yaishe. Kinamasi kina kazi yake: hupokea maji ya mvua, huyachuja, huyaachia polepole, na samaki huzalia humo. Ukikijaza, maji yale hayaishi. Huenda kwa jirani yako, ambaye pengine hana kaka Brussels wa kumjengea tena.

WATAKAONIPINGA

Najua yatakayosemwa. Wa kwanza atasema viwanja vya juu ni ghali, na milimani nako udongo huporomoka. Ni kweli. Bukavu yote inaijua habari ya kuporomoka, na mteremko mkali ukaguliwe vilevile. Lakini kati ya kilele na mto pana mahali pa katikati, na kiwanja kidogo pale ni bora kuliko kikubwa kwenye maji. Mimi niliokoa dola elfu chache kwenye bei, nikapoteza nyumba nzima.

Wa pili atasema maskini hawana pa kuchagua. Hilo nalikubali kwa uchungu. Anayekaa mtoni kwa sababu hana pengine asilaumiwe. Lakini sisi tunaotuma yuro tuna nafasi ya kuchagua, na tukichagua vibaya si sisi tutakaolala pale. Analala mama mdogo. Wanalala wajukuu. Ndiyo maana siwezi kuliita jambo hili la fedha tu.

Wa tatu atasema kwamba huu si wakati, vita vimevuruga Kivu na nani anayenunua sasa. Nami namjibu kwamba ndiyo sababu tuseme sasa. Amani ikirudi, watu watakimbilia viwanja kwa haraka, na haraka haraka haina baraka.

Hivyo natoa pendekezo kwa vikao vya familia zetu, na kwa makundi ya likelemba vilevile. Tukubaliane kwamba mchango wowote wa kununua ardhi hautoki mpaka kiwanja kiwe kimepita mvua moja. Anayependa kiwanja Agosti alipe sehemu ndogo ya kukishika, kwa maandishi na mbele ya mashahidi, na iliyobaki ailipe Mei. Muuzaji atakayekubali kungoja, mwamini kiasi. Atakayekataa kabisa kungoja mvua moja amekwisha kukwambia alichokuwa akikificha. Tena mtu wa nyumbani anayetutafutia ardhi apewe ruhusa ya wazi, mbele ya wazee, ya kusema hapana bila kushukiwa. Bila ruhusa hiyo, mengine yote niliyoyaandika hayatasaidia.

Namalizia kwa jambo langu mwenyewe. Usiku ule binti yangu aliponiuliza herufi, sikulala. Asubuhi nilimpigia simu mdogo wangu. Alipokea, akanyamaza. Nikamwambia kwamba tangazo la nyumba huku Ubelgiji limenifundisha yale ambayo yeye na mama wa ndagala walikuwa wakiyajua bila tangazo. Akacheka kidogo. Tukaanza kusemezana, na leo mama mdogo anakaa katika nyumba ya vyumba viwili, juu, mbali na barabara. Analalamika juu ya kupanda mlima na maji ya kuchotwa mbali. Mvua ikinyesha analala.

Lakini kumwomba radhi kwa simu hakutoshi, maana nilipomshtaki nilimshtaki mbele ya jamaa zote. Na kwa kuwa kitabu hiki husomwa na jamaa zote, hapa na kule, naandika hapa ili ijulikane: mdogo wangu hakula hata senti. Kiwanja cha Mulongwe nilikichagua mimi, Agosti, kwa macho yangu.

Wenu katika ujamaa.